Maswali ya Wasomaji: Namna ya Kukawia Kufa katika Project Zomboid

Barua za safari hii zinahusu mchezo mmoja tu, nao ni Project Zomboid, na karibu zote zimetoka kwa vijana wa hapa Lubumbashi wanaoucheza kwenye kompyuta mpakato za mtumba. Kwa msomaji asiyeujua, huu ni mchezo wa kampuni ya Uingereza iitwayo The Indie Stone, ulioingia katika duka la Steam mwezi Novemba 2013, na unamweka mchezaji katika jimbo la Kentucky, Marekani, mwezi Julai 1993, wakati ambapo ugonjwa umewageuza watu kuwa mazombi. Ndani yake hamna adui mkuu wa kumshinda wala hatua za kupanda. Mtu wako atakufa tu, na kinachohesabiwa ni muda aliokaa hai. Majibu yangu yanafuata toleo la 41 na mipangilio yake ya kawaida, kwa kuwa ndilo mlilo nalo wengi wenu. Toleo la 42 lilianza kutolewa kwa majaribio Desemba 2024, na mambo kadhaa yamebadilika humo.

Yaya, salamu kutoka Katuba. Mtu wangu hajawahi kuliona jua la siku ya tatu. Ninaingia katika nyumba, ninapata kisu au kikaango, ninampiga zombi wa kwanza, wa pili na wa tatu bila shida, halafu ghafla mapigo yangu yanakuwa hayana nguvu na ninazingirwa. Ni silaha gani iliyo bora kuliko zote?

Mdogo wangu, swali lako ni la silaha, lakini kilichokuua umekitaja mwenyewe: mapigo kukosa nguvu. Kila unapokimbia na kila unaporusha silaha, pumzi ya mtu wako inapungua, na ikifika kiwango fulani, alama ya uchovu inajitokeza upande wa juu kulia wa skrini. Kuanzia hapo pigo ambalo lingemwangusha zombi linamyumbisha tu, kwa hiyo unalazimika kupiga mara nyingi zaidi, na kwa kupiga zaidi unachoka zaidi. Wachezaji wengi wageni hawaitazami alama ile kabisa, kwa sababu macho yao yako kwa zombi aliye mbele. Jizoeze kuitazama. Ikijitokeza, acha kupigana hata kama amebaki mmoja tu, ondoka kwa mwendo wa kutembea, kwa maana mazombi wa mipangilio ya kawaida hawakimbii, kisha ukifika mahali salama uketi chini, kwani pumzi hurudi upesi zaidi mtu akiwa ameketi kuliko akiwa amesimama.

Jambo la pili ni mzigo. Anayeanza huokota kila kitu, makopo, vitabu, vijiko, hata viatu vya maiti, halafu anaingia vitani akiwa na alama ya kuelemewa, jambo linalomaliza pumzi mapema na kumpunguzia kasi. Ukiona mazombi wawili au watatu wanakuja, weka begi chini kwanza. Hakuna atakayelichukua.

Tatu, pigana ukirudi nyuma, usisonge mbele. Shikilia kitufe cha kulia cha kipanya ili ujiweke tayari, mngoje zombi aingie katika umbali wa silaha yako, piga, rudi hatua mbili, piga tena. Wakija wawili kwa pamoja, msukume aliye karibu kwa kitufe cha nafasi, naye mara nyingi ataanguka na kukuacha na mmoja. Njia ninayoipenda zaidi kwa mtu mwenye silaha duni ni ya uzio mfupi. Simama upande wa pili wa uzio, hatua moja au mbili kutoka kwenye mbao zake, na umwache zombi akuone. Atakuja moja kwa moja, atajiinamisha juu ya uzio, kisha ataporomoka kifudifudi upande wako. Kabla hajainuka, sogea na umpige kichwani akiwa bado chini. Wakija wanne kwa kupishana, unaweza kuwamaliza wote hivyo bila kukurupuka, mradi utupe jicho nyuma yako baada ya kila mmoja.

Yote hayo yanahusu vita vilivyokwisha kuanza, ilhali anayekaa hai muda mrefu ni yule anayezuia vita visianze, na ufunguo wake ni sauti. Tembea umechuchumaa unapokaribia nyumba. Zunguka pande zote ukijaribu milango na madirisha moja baada ya jingine, kwa kuwa mara nyingi kuna moja lisilofungwa, na dirisha linalofunguliwa halipigi kelele kama linalovunjwa. Ukilazimika kuvunja, ondoa vipande vya kioo kabla ya kupita, la sivyo vitakukata. Baadhi ya nyumba zina king'ora. Kikilia, ondoka saa ile ile, na usirudi ndani kufuata kopo la maharage, kwa sababu mtaa mzima unakuja. Tena usielekee mahali unapolala.

Sasa silaha, usije ukasema nimekukwepa. Mtaimbo unadumu kuliko karibu kila kitu utakachokiokota siku za mwanzo. Rungu la besiboli ni zuri, nyundo inafaa, na kikaango ni cha kutumia mpaka upate kingine. Bunduki ya risasi za kutawanyika inaua vizuri sana, lakini mlio wake unawaita mazombi kutoka mbali, na kwa anayeanza ninaihesabu kuwa hasara.

Nikiwa nimejificha, mtu wangu hupayuka mwenyewe na mazombi wote hugeuka. Je, ni kasoro ya mchezo? Msomaji wa Bel-Air.

Hapana, ni kidole chako. Kitufe cha kupiga kelele kimewekwa ubavuni mwa vitufe vya kutembelea, na ukiwa na hofu unakigusa. Kwa kuwa kibodi zetu nyingi ni za mpangilio wa Kifaransa, AZERTY, ilhali maelekezo mengi yameandikwa kwa kibodi ya Kiingereza, usiamini jina la herufi unalosoma mahali. Fungua ukurasa wa vitufe katika mipangilio, ukitafute kitufe hicho na ukihamishie mbali. Lugha ya Kifaransa nayo inapatikana katika mipangilio hiyo hiyo, kwa wale wanaosumbuliwa na Kiingereza.

Mimi ni wa Ruashi. Zombi alinikwaruza mkono nilipokuwa nikipita dirishani. Nilifunga bandeji, nikala, nikalala, lakini siku mbili baadaye nilikufa kwa homa. Kuna dawa gani?

Pole, lakini dawa haipo. Kwa mipangilio ya kawaida, kukwaruzwa na zombi kuna uwezekano wa asilimia 7 wa kukuambukiza, kuchanwa ngozi asilimia 25, na kung'atwa asilimia 100. Bandeji inazuia damu, haizuii maambukizi hayo. Wewe uliangukia katika ile 7.

Hata hivyo nisingependa wasomaji wajiue kila wanapoona alama ya kichefuchefu, maana inaweza kuletwa na chakula kilichooza au na kukaa karibu na rundo la maiti, na hayo yanapona. Jeraha la kioo haliwezi kukugeuza zombi. Jeraha lolote linaweza kuota usaha ukiliacha na kitambaa kichafu, na hilo linatibiwa kwa dawa ya kuua vijidudu na kubadilisha bandeji. Ni jambo tofauti kabisa na ugonjwa wa mazombi, ingawa wengi huyachanganya.

Kinga yako ni nguo. Koti la ngozi, suruali ndefu na glavu vinapunguza uwezekano wa meno na kucha kufika mwilini, na ukifungua ukurasa wa hali ya mtu wako utaona kila kiungo kimekingwa kwa asilimia ngapi. Shingo husahauliwa na wengi. Ukijua kwamba umeambukizwa kweli, bado una kama siku mbili au tatu, nazo zina kazi: beba zana, vitabu na chakula cha makopo, uvipeleke katika nyumba moja unayoikumbuka vizuri, kwa sababu mtu mpya utakayemuumba anaweza kuanza katika ulimwengu ule ule na kuvikuta.

Mkubwa, kompyuta yangu ina gigabaiti 4 za kumbukumbu na haina kadi ya grafiki ya peke yake. Mashambani mchezo unakwenda vizuri, lakini nikikaribia mji wa West Point picha zinakatika-katika hadi ninang'atwa kabla kipanya hakijaitikia. Nifanye nini bila kununua mashine nyingine? Kampemba.

Waundaji wanapendekeza gigabaiti 8, kwa hiyo uko chini ya kiwango na hakuna ujanja utakaoifanya mashine hiyo kuwa nyingine. Lakini nusu ya tatizo lako inaweza kuondolewa, na ili uiondoe inafaa ujue muda wa prosesa unakwenda wapi. Kila zombi aliye karibu ni hesabu: anasikia nini, anaona nini, apite wapi, achorwe vipi. Maiti na damu vinabaki ardhini na kuchorwa tena na tena. Mashambani hesabu ni chache, mjini zinajazana.

Kwa hiyo anza na idadi yao kabla ya kugusa picha. Unapoanzisha ulimwengu mpya, chagua Sandbox, yaani ule ambao kanuni zake unazipanga mwenyewe, na upunguze idadi ya mazombi. Hapo hapo utaona kwamba idadi hiyo haikai palepale: kwa kawaida inapanda hadi mara moja na nusu ifikapo siku ya 28, na sehemu ulizosafisha zinaanza kujazwa upya kila baada ya saa 72 za mchezo. Ndiyo maana mashine inayovumilia wiki ya kwanza inaweza kushindwa wiki ya nne huku mwenyewe akidhani imeharibika. Weka kilele kiwe sawa na mwanzo, na saa za kujazwa upya uziweke sifuri. Weka pia muda mfupi wa maiti kutoweka. Kuna watakaosema kwamba huko ni kujirahisishia mchezo. Mimi ninaona kwamba kupigana kwa picha zinazokatika ni ugumu ambao hakuna aliyekusudia uwepo.

Baada ya hapo shusha ukubwa wa picha hadi 1280 kwa 720, punguza ubora wa maji na madimbwi ya mvua, punguza damu, ondoa viwango vya mbali vya kukuza na kupunguza picha, kwa kuwa ukitazama kutoka mbali mashine inachora eneo kubwa zaidi, na uweke kikomo cha picha 30 kwa sekunde ili mwendo uwe wa kutabirika. Marekebisho ya wachezaji, zile modi za magari na silaha, yaondoe yote, kisha urudishe moja moja uone ni ipi inayokula nguvu. Funga kivinjari kabla ya kucheza. Kwa gigabaiti 4, kurasa chache zilizo wazi zinatosha kukuharibia.

Utakutana na ushauri wa kufungua faili la ProjectZomboid64.json na kuongeza namba iliyo mbele ya Xmx, ambayo ndiyo kikomo cha kumbukumbu ambayo mchezo unaruhusiwa kuitumia. Ushauri huo ni mzuri kwa mwenye gigabaiti 8 au 16. Kwako ni hatari, kwa sababu ukiupa mchezo zaidi ya kilichopo, Windows itaanza kuhamishia kumbukumbu kwenye diski na kila kitu kitasimama.

Mambo mawili ya hapa kwetu. Mwezi Oktoba, joto la Lubumbashi linapofika juu, kompyuta mpakato yenye feni iliyojaa vumbi inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Isafishe, na uinue nyuma yake kwa vitabu viwili ili hewa ipite. Pia ikitumia betri bila chaja, Windows mara nyingi hupunguza kasi ya prosesa, kwa hiyo anayecheza wakati wa kukatika kwa umeme asishangae kwamba mchezo ule ule umekuwa mzito.

Na ukirudi kwenye jibu la mwenzako wa Katuba, utaona kwamba lako na lake linakutana. Mlio wa bunduki au king'ora unawakusanya mazombi wote wa mtaa mbele ya skrini moja, na hapo ndipo prosesa inaposhindwa, sekunde ile ile unayohitaji kipanya kiitikie. Kwa mwenye mashine dhaifu, kunyamaza kuna faida maradufu.

Umeme ulikatika nikiwa mchezoni, na betri yangu ilikufa zamani. Nilipowasha, ulimwengu wangu haukufunguka tena. Unaweza kurudishwa? Msomaji wa Kenya, ile ya hapa Lubumbashi.

Kama huna nakala, hauwezi. Mchezo huu unajihifadhi wenyewe muda wote katika sehemu moja, kwa hiyo mashine ikizimika katikati ya kuandika, faili linaweza kuharibika. Ndani ya folda ya jina lako la Windows kuna folda iitwayo Zomboid, na ndani yake kuna Saves. Toka kwenye mchezo kwanza, kisha unakili Saves nzima kwenye flashi kila unapomaliza kucheza. Najua kwamba nakala hiyo inaweza pia kutumika kumfufua mtu aliyekufa kihalali. Hayo yabaki kati yako na dhamiri yako.

Mdogo wangu amepata mchezo huu kwenye simu yake. Ni wenyewe? Annexe.

Si wenyewe. Project Zomboid umetengenezwa kwa ajili ya kompyuta za Windows, Mac na Linux. Mwambie aufute huo alio nao.

Mimi ni dada wa Kamalondo, nimefika wiki ya tatu. Umeme na maji ya mjini vimekatika. Nilipata jenereta na kuiweka jikoni ili mvua isiiharibu, friji ikawaka, nikalala, na sikuamka. Kosa ni lipi?

Dada, hapa mjini petu hata mtoto anajua kwamba jenereta haiwashwi ndani ya nyumba, na bado kila mchezaji ninayemfahamu aliiweka jikoni mara ya kwanza! Waundaji waliweka moshi wake katika hesabu: ikiwaka ndani ya chumba, inakuua. Iweke nje, karibu na ukuta. Inafikisha umeme umbali wa miraba 20, kwa hiyo haina haja ya kuwa mlangoni, na mlio wake unasikika na mazombi, hivyo ni afadhali iwe ndani ya uzio uliofungwa pande zote. Uizime kabla ya kuitengeneza. Kwa wasomaji ambao hawajafika huko: isipokuwa kwa aliyechagua kazi ya fundi umeme, jenereta haiunganishwi mpaka usome gazeti linalofundisha matumizi yake, basi litafute mapema katika maktaba, maduka ya vitabu na visanduku vya barua.

Umeme na maji hukatika wakati wowote ndani ya siku 30 za kwanza, bila taarifa. Jaza kila sufuria, chupa na ndoo siku ya kwanza kabisa. Kwa baadaye, jenga mapipa ya kukinga mvua. Maji yake yachemshwe kabla ya kunywa, au pipa liwekwe ghorofa ya juu ya sinki na liunganishwe kwa spana ya mabomba, ndipo yatoke safi. Pampu za petroli nazo hufa pamoja na umeme. Anayejaza mabidoni yake wiki ya kwanza anakuwa na mafuta ya jenereta hiyo katika wiki ya tatu, na asiyejaza atakuwa akinyonya mafuta ya magari yaliyotupwa barabarani, moja baada ya jingine.

Televisheni pia iwashe wakati bado kuna umeme. Kituo cha Life and Living kinaonyesha vipindi vya useremala, upishi na uvuvi katika siku za kwanza, na mtu wako anajifunza kwa kutazama tu, bila hatari yoyote.

Mimi nimepita miezi miwili. Chakula kipo, nyumba imezungushiwa ukuta. Kwa kuchoka kukaa, nilichukua gari kwenda Louisville na nikafa siku hiyo hiyo. Je, ule mji unaingilika? Msomaji wa Golf.

Unaingilika, ila si kwa namna uliyoingia, ambayo ninaikisia bila wewe kuieleza: kwa kasi, kwa barabara kuu, ukiwagonga mazombi njiani. Louisville uko kaskazini mwa ramani na ndio wenye mazombi wengi kuliko miji mingine yote. Kila unayemgonga anaharibu mbele ya gari, kisha injini, na gari lililokufa katikati ya mji ule ni sanduku la vioo. Ukilazimika kuwakanyaga, fanya hivyo kwa kurudi nyuma, kwa kuwa injini haiko upande ule.

Nenda hatua kwa hatua. Tafuta nyumba tupu nje ya mji, uifanye kituo, uweke humo chakula cha siku kadhaa, bandeji na bidoni moja la petroli. Kutoka hapo ingia kwa miguu au kwa gari linalokwenda polepole, safisha mtaa mmoja, urudi kulala. Unapoegesha, geuza gari liangalie njia ya kutokea kabla ya kuzima injini, kwa maana injini mbovu inaweza kukataa kuwaka mara kadhaa, na kila jaribio ni sauti. Ikikataa mara mbili mazombi wakiwa wanakaribia, usijaribu ya tatu. Shuka upande usio nao, utembee, usikimbie, uwavute polepole kuzunguka majengo mawili au matatu hadi wakupoteze, kisha urudi kwenye kituo chako. Vitu vilivyomo ndani ya buti vitabaki pale pale hadi utakapovifuata.